Kofia Kwenye Swichi

BENEDETTA: Haloo? Nani tena? Kama ni wewe Ikapel, usinikatie simu nikiongea!

IKAPEL: Sikukata, Mama. Ni laini.

BENEDETTA: Laini! Basi acha nimalize. Hurudi Malaba. Chuo kilikutuma huko Busia ujifunze kazi ya kiwanda cha sabuni mpaka likizo iishe, na haijaisha—

IKAPEL: Nimeshafunga sanduku.

BENEDETTA: Lifungue! Injinia gani anakimbia sabuni?

IKAPEL: Sikimbii. Nimechoka tu.

BENEDETTA: Umekula?

IKAPEL: Nimekula. Ugali na omena.

BENEDETTA: Umelala?

IKAPEL: Nimelala vizuri. Hata mimi nashangaa.

BENEDETTA: Sema kwa sauti, simu inakwaruza! Hapa stesheni treni ya mizigo inapiga honi, na stesheni masta ananitolea macho kwa ajili ya simu yake.

IKAPEL: Mashine ya kukanda sabuni imemkata Mzee Echodu mkono. Jana.

BENEDETTA: Mungu wangu. Yule anayekugawia chai yake?

IKAPEL: Huyo. Mkono wa kulia. Mpaka hapa.

BENEDETTA: Hapa wapi? Mimi nakuona?

IKAPEL: Kwenye kiwiko. Halafu wakaosha mashine, ikawashwa tena. Jioni kila mtu akapewa mche wake wa sabuni, kama kila Ijumaa. Wangu ninao mfukoni.

BENEDETTA: Pole, mwanangu. Pole sana. Lakini si wewe uliyewasha.

IKAPEL: Aliwasha Kizito, mwenzetu wa zamu. Hakuona kofia.

BENEDETTA: Kofia gani?

IKAPEL: Hapa mtu akiingia ndani ya mashine kuikwangua, anatundika kofia yake kwenye mkono wa swichi. Kofia ikiwa pale, hakuna anayegusa. Sasa wameikuta ya mzee kwenye msumari, huku ofisini. Nyapara anasema ni uzembe wake mwenyewe. Wanamfukuza.

BENEDETTA: Kwani hakuitundika?

(Laini inakwaruza.)

BENEDETTA: Ikapel?

IKAPEL: Ilikuwa imejaa magadi. Nikaitoa, nikaipangusa, nikaja kuiweka hapa pasafi.

BENEDETTA: We mtoto! Kwa nini uguse kitu cha—

IKAPEL: Kofia ya mzee haiachwi penye uchafu. Ulinichapa nilipoiacha hivyo ile ya baba.

OPERETA: Busia, mmebakiza dakika moja.

BENEDETTA: Tumesikia, dada! Ikapel, hawakukuambia habari ya hiyo swichi?

IKAPEL: Walidhani mtu wa chuo anajua.

BENEDETTA: Nani amekuona ukiitoa?

IKAPEL: Hakuna.

BENEDETTA: Basi funga mdomo. Maliza likizo, urudi Nairobi. Wakijua watakiandikia chuo, na skolashipu—

IKAPEL: Nimetoka kumwona hospitalini. Anauliza kofia yake iko wapi. Alikuwa anasema, niliitundika, niliitundika. Mkewe, Apolot, akamwambia anyamaze, anawatia aibu. Sasa anasema labda alisahau.

BENEDETTA: Amesema hivyo? Labda alisahau?

IKAPEL: Ndiyo.

BENEDETTA: Nyapara yuko wapi?

IKAPEL: Bwana Paulinus? Hapo mlangoni, anangoja simu.

BENEDETTA: Na kofia?

IKAPEL: Bado iko msumarini.

BENEDETTA: Ishike. Mwite. Usikate, mwambie nikisikia.

IKAPEL: Mama, skolashipu—

BENEDETTA: Skolashipu nimeitaja mimi, na aliyekuchapa ni mimi. Mwite!

IKAPEL: Bwana Paulinus. Njoo kidogo.

PAULINUS: Umemaliza? Meneja anataka hiyo simu—

IKAPEL: Hii kofia ya Mzee Echodu.

PAULINUS: Naiona. Si ndiyo aliyoiacha hapa, akaingia kichwa wazi kama—

IKAPEL: Hakuiacha hapa. Aliitundika kwenye swichi. Niliitoa mimi.

PAULINUS: Wewe?

IKAPEL: Mimi. Ilikuwa chafu.

PAULINUS: Kijana, unajua unalosema? Unajua meneja ata—

IKAPEL: Najua. Twende kwake.

BENEDETTA: Bwana Paulinus! Haloo! Mimi ni mama yake! Nimesikia kila neno, na ninakuja na lori la kwanza—

OPERETA: Muda umekwisha, mama.

BENEDETTA: Ngoja, dada! Ikapel! Hiyo kofia usiirudishe msumarini! Ukitoka kwa meneja mpelekee mwenyewe, umvishe kichwa—