Geti la kwenye Tangazo

Asubuhi baada ya fainali, mlinzi wa hospitali alikaa mlangoni mwa basi, ubavuni mwa fundi cherehani aliyekuwa mgeni kwake. Mechi waliimaliza kwa neno moja. Matangazo ya televisheni ndiyo waliyoyachambua.

"Lile la sabuni," fundi alisema, "mama anafua rundo lile huku anacheka. Anachekea nini?"

Mlinzi alicheka mpaka machozi. "Na la hospitali uliliona, dada? Mjamzito anashuka garini, mlinzi anakimbia kumfungulia geti." Akaiweka kofia yake sawa. "Yule ni mimi."

"Nilikuona. Nikazima televisheni, mume wangu akafoka anakosa fainali." Fundi alimtazama usoni. "Mwaka juzi nilifika hapo na uchungu. Ukasema bila barua ya rufaa siingii. Nilijifungulia nje ya ukuta wenu."

Kicheko kikamkauka mlinzi. "Dada, niliagizwa tu."

"Na kwenye tangazo?"

"Nako niliagizwa. Nilifungua geti mara tisa mpaka picha ikawaridhisha."

"Mara tisa," fundi alisema, akikumbatia mfuko wake wa vitambaa. "Mimi nilikuomba mara moja."

Basi lilisimama. Konda akapaza sauti kutoka nyuma: "Kaka wa mlangoni, fungua, watu washuke!"