Mgongo wa Hachiya Teiji

Benchi liko mbele ya mgahawa wangu wa kahawa, hapa Uzumasa, mtaa wa filamu wa Kyoto, Japani, mkabala na geti la studio. Tramu ikipita, vikombe vinatikisika. Mimi ndiye Mama mwenye kahawa. Hawa watatu nimewamiminia miaka ishirini na saba, kwa hiyo maneno yao nayajua kuliko wanavyoyajua wenzi wao wa ndoa. Sugimori tunamwita Taa, maana ni fundi wa taa. Bi Inokuchi ni Nywele; hakuna jemadari aliyepigana vita studio ile bila wigi lake. Na Hachiya Teiji ni Maiti: ameuawa kwa upanga katika filamu zaidi ya mia sita, na mpaka leo wanamwita aje auawe. Mchana ule wa Oktoba, mwaka wa themanini na saba, wote walivaa nyeusi. Bosi Kuramochi alikuwa amefariki, miaka themanini na tisa, na saa nane angeagwa katika ukumbi namba mbili wa studio. Ilikuwa saa saba na nusu, na Maiti alikuwa ameshasema haendi.

— Utakwenda, Taa akasema. Mchumia juani hulala kivulini.

— Hulia, Nywele akamrekebisha. Hulia kivulini. Na inahusu nini hapa?

— Inahusu kwamba mzee yule ndiye aliyetulisha sote.

— Methali zako zimeungua kama balbu zako.

— Cheka tu. Mtu alianza kwa kulinda viatu vya watazamaji mlangoni mwa jumba la maonyesho, akaishia na studio nzima! Filamu mia nne! Akikohoa ghorofa ya tatu, mwongozaji huku chini anabadilisha mwisho wa filamu.

— Na akikununia?

Taa akamtazama Maiti kwa pembe ya jicho. Hilo kila mtu Uzumasa analijua. Enzi zile wakubwa wa studio walikuwa wamekubaliana: msanii wa mmoja haguswi na mwingine. Mwaka hamsini na sita Maiti alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, jina lake limeandikwa kwenye bango kubwa la getini. Ikavuma kwamba amezungumza na studio nyingine. Asubuhi moja bango likaonekana limepakwa rangi upya, jina halipo. Tangu hapo akawa wa kuuawa tu, tena mgongo kwa kamera.

— Mimi swali langu ni lile lile, Nywele akasema. Wengine aliwafukuza. Huyu mbona alimbakiza?

— Alimbakiza awe fundisho, Taa akajibu. Kama kunguru aliyetundikwa shambani.

— Acha zako. Ni mke wake. Yule mama alikuwa anakuja chumba cha wigi kila Ijumaa, anauliza, "Yule kijana mzuri anacheza leo?" Bosi akasikia. Sasa umfukuze, mke alie? Unauficha uso, mambo yanakwisha.

— Mke wapi! Maiti ni mwanawe.

— We Taa!

— Mwanawe wa nje! Angalia masikio. Yale masikio hayapatikani Kyoto nzima.

— Baba yangu alikuwa muuza mkaa Fushimi, Maiti akasema taratibu, na masikio yalikuwa hayahaya.

— Basi ni mtabiri, Taa akasema bila hata kuona haya. Aliambiwa na mtabiri: siku uso wa Hachiya utakapoonekana tena kwenye filamu, studio itamtoka.

— Mbona ilimtoka na uso haukuonekana?

— Ulionekana! Mwaka wa sabini na moja, filamu ya mazishi ya jemadari! Aliteleza kwenye tope, akaanguka chali. Mimi ndiye niliyekuwa na taa, niliuona uso mzima! Mwezi uliofuata Bosi akaondolewa kwenye kiti. Penye miti hapana wajenzi.

Nywele alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Maiti hakucheka.

— Nilimwendea, akasema.

— Nani?

— Bosi. Asubuhi ile ya bango. Nilipanda mpaka ghorofa ya tatu, sikubisha hodi.

Miaka ishirini na saba ya kahawa, hajawahi kutuambia hilo. Nikabaki na birika mkononi.

— Aliangalia viatu vyangu kwanza, kama alivyozoea. Akaniuliza, "Jana ulikula nini?" Nikamwambia, wali na samaki mkunga. Alininunulia mtu wa studio ile nyingine. "Ulikuwa mtamu?" Nikasema, mtamu. Akasema, "Basi umeshiba." Akarudi kwenye karatasi zake. Nikashuka ngazi.

— Ni hilo tu?

— Ni hilo tu. Na yule mtu wa mkunga nilikuwa nimeshamkatalia. Bosi hakuniuliza.

Nywele akamshika mkono wa koti.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa binti mmoja, kavaa kimono cha kijakazi na wigi lake, katoka kwenye tamthilia ya televisheni wanayopiga siku hizi. Wiki yake ya kwanza. Alikuja kunywa kahawa tu, lakini kikombe chake kilikuwa kimepoa.

— Samahani, wazee wangu, akasema. Bosi aliondolewa mwaka wa sabini na moja?

— Ndiyo, mwanangu, Taa akamjibu.

— Juzi nilimwona mzee Hachiya akiuawa pale uwanjani ndani ya studio. Aliipa kamera mgongo. Binti akamgeukia Maiti. Mzee, miaka hii kumi na sita, ni nani alikuwa anakukataza kugeuka?

Nywele akaanza kusema kwamba kazi ni mazoea, akaishia katikati, labda kwa kukumbuka kwamba yeye mwenyewe hadi leo hathubutu kumvisha jemadari wigi la rangi ya udongo, kwa sababu Bosi hakulipenda.

Maiti alimtazama yule binti bila hasira. Halafu akasimama, akafunga vifungo vya koti.

— Unakwenda wapi? Nywele akamuuliza.

— Kumuaga.

— Si ulisema huendi?

— Nilisema hivyo nikidhani bado ananisubiri ghorofa ya tatu.

— Hujanijibu, mzee, binti akasema.

— Najua, mwanangu. Sijui jibu. Lakini kesho saa tatu nauawa tena pale uwanjani. Njoo utazame.

Akavuka reli, kifua mbele, akaingia getini.