Don Anatolio Anakabidhi Ufunguo wa Gari la Mabingwa

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, saa kumi jioni, Don Anatolio Siachoque atakabidhi ufunguo wa Gari Namba Mbili na kustaafu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi katika Kituo cha Zimamoto cha Suaneca, thelathini na mitatu kati ya hiyo akiwa nyuma ya usukani. Kamanda Gildardo Fonseca ameniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya ratiba ya sherehe, kwa sababu mimi ndiye karani wa kituo na ndiye niliyetoka shule juzi.

Don Anatolio aliajiriwa mwaka 1990 kuosha na kukunja mipira ya maji. Mwaka uliofuata dereva wa wakati huo alioa binti wa mji mwingine akahamia kwa wakwe zake, na ufunguo ukabaki ukining'inia ukutani. Alipoulizwa kama anajua kuendesha, alijibu kwamba anajua kuendesha trekta na kwamba tofauti ni rangi tu. Hajawahi kugonga mtu, ng'ombe wala ukuta. Usiku soko lilipoungua mwaka 1998, aling'oa vioo vyote viwili vya pembeni kwa mikono yake ili gari lipite uchochoro wa wauza vitunguu, akaliingiza kinyumenyume. Mwaka 2016 nyasi za mlimani zilipowaka kwa siku kumi na moja, alilala ndani ya gari siku zote hizo. Aliporudi, nyusi moja ikiwa imeungua, swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna mtu aliyemwagilia maua yake.

Wazee wa mji wanakumbuka zaidi Ijumaa Kuu ya mwaka 2001. Maandamano ya kimya yalikuwa yakipita mbele ya kituo, wanaume wamebeba sanamu mabegani, hakuna hata mtoto anayekohoa, na king'ora cha Gari Namba Mbili kikalia chenyewe na kukataa kuzimika. Don Anatolio alilitoa gari mjini mbiombio, akalipeleka katikati ya shamba la viazi, akakaa nalo huko kama mtu anayebembeleza mtoto mpaka betri ikaisha. Padri alisema baadaye kwamba hajapata kuona watu wengi vile wakificha vicheko ndani ya mablanketi waliyojitanda.

Lakini si moto wala king'ora kilichomfanya ajulikane jimbo zima. Sisi ni mji wa baiskeli. Mwendesha baiskeli wetu akishinda mbio kubwa, gari la zimamoto humsubiri Daraja la Mawe, naye hupandishwa juu ya paa la gari na kuletwa hadi uwanja wa kanisa, kilomita nne, kwa gia ya kwanza, ili hata bibi mwenye fimbo aweze kumfikia na kumgusa mkono. Heshima hiyo hutolewa siku ya kurudi tu. Haiahirishwi wala hairudiwi. Na kwa desturi ya kituo, si meya wala kamanda anayeamua nani apande. Anayeamua ni mwenye ufunguo.

Don Anatolio amebeba mabingwa kumi na tisa. Wa kuchekesha kuliko wote alikuwa Pastor Chiquiza (Pastor ni jina lake, si cheo), mwaka 1996, mtu aliyeteremka milima kwa kasi ya kilomita tisini kwa saa bila kugusa breki, lakini akapandishwa juu ya gari na kugundua kwamba anaogopa urefu. Alishika ngazi kwa mikono miwili njia nzima bila kumpungia mtu. Mji ukasema Pastor ana maringo. Don Anatolio alikwenda nyumba kwa nyumba kumtetea.

Bingwa ambaye hakumbeba ni Marlén Tibaduiza. Kamanda aliniambia, "Andika moto, binti, andika miaka. Hayo mengine yaache, watu watakuwa wanakula." Nimejaribu kuyaacha na wasifu ukawa uongo. Marlén Tibaduiza ni mama yangu. Nalisema hapa mapema ili kila msomaji ayapime maneno yangu anavyoona.

Mwezi Agosti 2003 mama, akiwa na miaka ishirini na miwili, alishinda mbio za wanawake za siku sita za kuzunguka milima ya jimbo. Asubuhi ya kurudi kwake, redio ilitangaza kwamba bomba la sindano limeokotwa kwenye pipa la taka la chumba chake hotelini, na kwamba sampuli za washindani wote zimepelekwa maabara. Redio haikusema alitumia dawa. Ilisema tu bomba, chumba, na jina lake, na mji ukamalizia wenyewe.

Mama aliteremka basi darajani akiwa amevaa fulana ya ushindi. Gari lilikuwepo, limefungwa maua. Don Anatolio alikuwa amesimama chini, na ufunguo alikuwa ameuchomoa.

"Mimi simbebi mtu ambaye sijui kashinda na nini," alimwambia.

Mama alimjibu, "Nimeshinda na miguu, Don Anatolio. Hii hapa."

Don Anatolio alisema anasikitika, akapanda gari, akaondoka nalo likiwa tupu. Mama akapanda baiskeli yake, akapandisha kilomita zile nne peke yake. Wengi walifunga milango. Kwenye kona ya kiwanda cha matofali vijana walikuwa wamejipanga. "Kanyaga, duka la dawa!" mmoja alipiga kelele, na mwingine akadakia, "Dada, na sisi tuuzie, hata nusu kidonge, tumechoka kupanda kilima hiki!" Mama ananiambia kicheko kile alikitambua. Kilikuwa cha watu aliosoma nao.

Wiki tatu baadaye maabara ilijibu. Sampuli zake zote sita zilikuwa safi. Bomba lilikuwa la mkandaji wa timu, mwanamke mtu mzima mwenye kisukari, aliyelala chumba kimoja naye na aliyekuwa amelieleza jambo hilo tangu siku ya kwanza bila kusikilizwa. Redio ililisoma jibu hilo kwa nusu dakika, baada ya tangazo la mbuzi aliyepotea. Don Anatolio alikwenda kwa kamanda wa wakati ule akaomba gari litoke, mama abebwe. Kamanda yule akamwambia, "Gari ni la ushindi, si la kuomba radhi." Don Anatolio akakubali, akarudi kuosha magurudumu. Alikubali, na hilo nalo liandikwe. Mama hakushindana tena. Baiskeli yake ipo ghalani, juu ya magunia ya mbegu za viazi.

Mwaka 2014 alirudi Edilberto Pulido, ambaye wageni wetu wataiona sanamu yake kwenye mzunguko wa kuingilia mjini. Alikuwa ameshinda mbio za wiki moja huko Ulaya. Daktari wake alikuwa kizuizini. Wenzake wawili wa timu walikuwa wamefungiwa mwezi mmoja kabla. Yeye mwenyewe alikuwa hajapatikana na kitu. Ukiweka shutuma zile kwenye mizani, bomba moja la mama halikuwa hata unyoya. Lakini safari hii hakuna aliyefunga mlango. Shule zilifungwa ili watoto wakampungie. Meya alikuja kituoni kabla ya jua kuchomoza kumwonya dereva wetu.

"Don Anatolio, leo usiniletee mambo ya maabara. Mji unataka furaha."

"Mheshimiwa, mimi nilishamhukumu mtu kabla ya maabara," alijibu. "Sirudii."

Akawasha gari, akambeba. Miaka mitatu baadaye Edilberto alikiri mbele ya kamati kwamba alitumia dawa za kuongeza nguvu kwa misimu minne, wiki ile ya Ulaya ikiwemo, akafungiwa. Asubuhi iliyofuata, Don Anatolio alipoingia kununua mkate, duka zima lilikuwa linamsubiri. "Dereva wetu!" wakamwambia. "Kumbe siku ile uliendesha gari la wagonjwa!" Alinunua mkate wake akatoka.

Hivyo basi, kwa kumshuku aliye safi alikosea, na kwa kutomshuku aliye mchafu alikosea tena. Nimesikia watu wakisema hili linaonyesha kwamba hakuna anayeweza kujua, kwa hiyo heri kila anayeshinda apewe heshima yake na mambo yaishe. Wengine wanasema anayeshukiwa asipewe kitu mpaka asafishwe. Mimi sina elimu ya kutosha kuamua. Ninachojua ni kwamba maabara inahitaji wiki tatu na gari letu linasubiri siku moja, na katika pengo hilo mji wetu haukupima ushahidi hata mara moja. Ulipima nani unampenda. Edilberto alikiri, na sanamu yake inapakwa rangi kila Desemba. Mama alisafishwa, na mpaka leo akiingia duka la dawa kununua kitu cha mafua, kuna anayekohoa nyuma yake kwa makusudi.

Nilipoanza kazi hapa Februari, Don Anatolio aliliona jina la mama kwenye fomu yangu, akavua kofia. Alinifundisha kupokea simu za dharura, kuuliza kwanza mahali halafu ndipo kuuliza kinachoungua, na kila siku saa nne alinitengenezea kikombe cha maji moto ya sukari guru kabla ya kujitengenezea chake.

Mwezi Aprili alikuja nyumbani kwetu mara tatu. Mara ya kwanza mama alikuwa anakamua, akaendelea kukamua, na mzee akasimama kwenye mvua mpaka ndoo ikajaa, kisha akaondoka. Mara ya pili alileta mfuko wa mikate ya jibini. Kuku walifurahi sana. Mara ya tatu mama alimwacha akae.

"Marlén, Ijumaa ya mwisho wa Juni naendesha kwa mara ya mwisho," alisema. "Panda wewe."

"Nina miaka arobaini na mitatu. Nipande nikampungie nani?"

"Watu wanajua ukweli sasa."

"Walijua baada ya wiki tatu, Don Anatolio. Mimi sikutaka gari. Nilitaka siku ile. Unayo?"

Alikizungusha kikombe mkononi. "Sina," alisema. "Sina, binti yangu." Akanywa, akashukuru, akatoka.

Baraza la mji lilikuwa limepanga kwamba siku ya kustaafu Don Anatolio mwenyewe apandishwe juu ya gari, akiwa mfanyakazi wa kwanza kupewa heshima hiyo, na Edilberto Pulido amvishe nishani uwanjani. Amekataa yote mawili. Atakuja kwa miguu, na nishani ataipokea, kwa maneno yake, kutoka mkono wa mtu yeyote ambaye hajawahi kubebwa na gari lile. Kamanda amelalamika kwamba kadi za mwaliko zilishachapwa. Hata hivyo amekubali, na nishani itavishwa na Doña Inés wa jikoni, anayewapikia askari wetu supu tangu mwaka 1995. Gari Namba Mbili litabaki ndani.

Wasifu huu nilimpa Don Anatolio ausome jana kabla ya mtu mwingine yeyote, nikiwa tayari kuuchana. Aliusoma kwa kufuata mistari kwa kidole. Alirekebisha sehemu moja tu. Pale darajani, kwa kumwonea huruma, nilikuwa nimeandika kwamba alilazimika kuchomoa ufunguo. Alikata neno hilo kwa kalamu yake, akaandika juu yake "niliamua". Sasa nimeiondoa sentensi yote, kwa sababu kilichotokea kinajieleza, lakini nimeona wasomaji wajue kwamba alikata.

Kwa niaba ya askari wote wa kituo, tunamshukuru kwa soko lililookolewa nusu, kwa siku kumi na moja za mlimani, kwa vijana kumi na wawili aliowafundisha kuendesha bila kuwatukana, na kwa miaka thelathini na minne ya kuwahi kazini kabla ya jogoo. Maua yake tutayamwagilia mpaka aje ayachukue. Namtakia pia usingizi usiokatizwa na king'ora, na magoti yasiyomuuma kwenye baridi.

Mama hatakuja Ijumaa. Nilipomuuliza kama ana neno la kumpelekea, aliendelea kumenya viazi kwanza. Kisha akasema, "Meya hakuja. Redio hawakuja. Shirikisho la baiskeli hawakuja. Aliyekuja kubisha hodi ni yeye peke yake." Nikamuuliza kama hilo ni msamaha. Akasema hapana, ni hesabu ya waliokuja.

Basi, Don Anatolio, nenda ukapumzike salama. Ukipita barabara ya juu, bisha hodi kwetu, utaitikiwa. Zaidi ya hapo mama hakuniruhusu kuahidi.