Subiri Kidogo na Maua Tisa ya Kijua

Mpiga picha wa kituo chetu cha mimea, ambaye sote tunamwita Subiri Kidogo, anastaafu Ijumaa hii tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Jina alijipatia mwenyewe. Ukimwita aje kunywa chai anajibu hivyo hivyo, jicho moja amefumba, jingine kwenye kamera, na chai inapoa.

Alianza kwenye chumba cha giza, akisafisha picha kwenye mabeseni. Kamera zikabadilika, akajifunza upya bila kununa. Picha za majani na mizizi zilizojaa makabati ya ghorofa ya pili ni za mkono wake. Mimi ninayeyafuta vumbi najua.

Lakini kazi iliyomnyima raha ni kijua. Ni ua dogo la njano la hapa hapa kwetu, halizidi ukucha wa kidole gumba. Hufunguka jua likipanda, adhuhuri limeshafumba. Huota kwenye mteremko wa changarawe nyuma ya kituo. Lilipoanza kupungua, kituo kikajenga uzio ili mbuzi wasilile. Tulipiga makofi. Mwaka wa tatu halikuonekana hata moja.

Subiri Kidogo akalala kifudifudi kwenye nyasi misimu miwili, akichunguza. Mimi roho juu: nyoka, mgongo, kifua! Hasikii. Akarudi na jibu lililowachekesha wengi. Mbuzi hawali kijua, ni kichungu, wanakula nyasi. Ukiwafungia nje, nyasi zinarefuka, kijua kinakosa jua na kufa. Akaomba lango lifunguliwe. Mpishi wetu akamtania kuwa mbuzi wamemchagua katibu wao. Mkuu wa kituo naye akamwuliza ni nani analinda vifaranga kwa kumkaribisha mwewe.

Hakugombana na mtu. Kila mwezi aliandika barua, akaambatanisha picha mbili, ndani ya uzio nyasi ndefu, nje nyasi fupi. Barua ya kumi na nne ndiyo iliyofungua lango.

Mvua ya kwanza ikapita, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Kitabu kipya cha mimea kilikuwa karibu kupelekwa kiwandani kuchapwa, na mbele ya kijua pameandikwa "kimetoweka". Angestaafu na neno hilo, na watu wangesema mbuzi wake ndio waliokimaliza. Alikonda jamani. Lakini kila asubuhi alikuwa mteremkoni.

Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, saa nne, akaingia na matope mpaka magotini, kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. Nikafungua mdomo nimkaripie, akanisogezea kamera usoni. Tukamzunguka. Ndani ya kamera mlikuwa na maua tisa ya kijua, na katika moja nyuki mdogo, kichwa ndani, miguu nje, amejaa vumbi la njano kama mtoto aliyekamatwa kwenye unga. Mkuu akatoa kalamu, akalikata lile neno kwenye rasimu ya kitabu, akaandika "kipo". Kisha akamwomba radhi mbele yetu sote, hata sisi wa usafi.

Kaka yetu, asante kwa ubishi wako wa upole. Lango tutaliacha wazi, na mpishi ameahidi kuwapa mbuzi heshima zao. Magoti yapake mafuta ya moto, sweta uvae hata wakikucheka. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na nyumba yenye vicheko.