Kaka Yangu Profesa, Aliyeuawa Kabla ya Sehemu ya Pili

Mchungaji, ndugu, jamaa na marafiki. Katika ratiba mliyoshika, ukurasa wa tatu, imeandikwa kwamba marehemu alifariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Mwenye kalamu afute. Kaka yangu hakuugua. Alipigwa mpaka akafa, na mimi mdogo wake nilikuwepo. Kamati ya mazishi imeniomba nisome kwa ufupi na kwa upole. Nitasoma kwa ufupi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya wawili, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya machinjio alikofanya kazi baba yetu. Mimi nilimfuata baada ya miaka minne. Baba alikuwa mtu wa kanisa na mtu wa mkanda. Kaka akiwa na miaka tisa alimwuliza mwalimu wa Shule ya Jumapili: kama jua liliumbwa siku ya nne, zile siku tatu za kwanza zilihesabiwaje? Mwalimu akamzaba kibao, kisha akaja nyumbani kushtaki. Baba alimchapa kwa mkanda, upande ule wenye chuma. Jino la mbele likang'oka, likaruka mpaka chini ya kitanda changu. Mama alilia jikoni, hakutoka. Kaka alitambaa akaliokota jino lake, damu inamchuruzika kidevuni, akaninong'oneza: "Lakini hajajibu."

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1970, na sekondari ya bweni mwaka 1976, wa kwanza darasani kwa hesabu na fizikia. Mwaka 1977 alijiunga na chuo kikuu. Mwaka uliofuata alifanya jambo ambalo mwenyewe aliniagiza nisilifiche. Mwenzake wa chumbani hakuamini Mungu. Jumamosi moja mchana wakabishana kama sayansi imeshammaliza Mungu au bado, na kaka akazidiwa hoja. Basi akakunja ngumi. Alimvunja yule kijana taya sehemu mbili, akaendelea kumshindilia akiwa sakafuni hadi wenzao watatu walipomng'oa juu yake. Eti kwa ajili ya Yesu! Chuo kilimsimamisha mwaka mzima. Kila siku alikwenda wodini kumnywesha mwenzake maziwa kwa mrija, na hapo ndipo alipoapa: hatamjibu mtu tena maishani kabla ya kuisema hoja ya mtu huyo vizuri kuliko mwenyewe anavyoisema. Aliporudi chuoni aliacha fizikia, akasoma falsafa.

Huyo aliyevunjwa taya ameketi pale mstari wa mbele, kwa sababu ni shemeji yake. Kaka alimwoa dada yake tarehe 9 Agosti 1986, baada ya kumbembeleza miaka minane. Na mkinicheka mnicheke, lakini walikutana hivi: dada mtu alifika wodini, akamkuta mvunja taya amekaa kando ya kitanda, akaichukua chupa ya maziwa akampasua nayo kichwa. Nyuzi sita. Mpaka juzi kaka alikuwa akiwainamishia wageni kichwa wauone ule mshono: "Haya, posa yangu hiyo hapo." Mungu aliwajalia mabinti wawili.

Alifundisha chuo kikuu kuanzia mwaka 1988 hadi alipostaafu mwaka 2022. Uprofesa aliupata mwaka 2003. Kazi yake ilikuwa swali moja tu, imani ya Kikristo na sayansi zinaelewana wapi na zinagombana wapi. Watu wa maabara walimcheka kwa kusali, watu wa kanisa walimwogopa kwa kuuliza. Kila mada aliipa mihadhara miwili. Wiki ya kwanza alisema kama mpinzani, saa nzima, bila tabasamu, bila kudokeza lolote. Mwanafunzi mgeni angeapa kwamba mzee huyu hana Mungu kabisa. Wiki ya pili ndipo anajibu. Mara mbili alirushiwa vitabu wiki ya kwanza, na mara zote mbili warushaji walirudi kuomba radhi wiki ya pili.

Mwaka huu vijana wa kanisa letu walimwalika ukumbini, Jumapili mbili: Je, sayansi imemwondoa Mungu? Nilimwambia, "Kaka, hawa si wanafunzi wako. Waambie mapema." Akacheka. "Nikiwaambia mapema hawatasikiliza, watakaa wakisubiri jibu."

Tarehe 4 Mei 2025, saa tisa alasiri, ukumbi ulifurika. Alizungumza dakika arobaini. Mama mmoja akaanza kulia kwa sauti. Mtu akapaza, "Mpinga Kristo huyo!" Kaka akasema, "Subirini Jumapili ijayo," lakini waya wa kipaza sauti ulikuwa umeshanyofolewa. Kiti cha kwanza kilimpata begani. Cha pili usoni. Alianguka kwenye ngazi za jukwaa wakamkanyaga, nami nilisikia mbavu zikivunjika. Watu ninaowafahamu, watu niliowachomelea mageti ya nyumba zao, walimponda kwa miguu ya meza huku wengine wakiimba pambio.

Na mimi? Mimi nilikuwa mzee wa kanisa wa zamu, nimesimama hatua sita tu kutoka jukwaani. Nilijua kuna Jumapili ya pili. Kabla kiti chochote hakijarushwa, mtu aliyesimama karibu nami aliniuliza, "Huyu si ndugu yako?" Nikamjibu, "Jamaa tu." Sentensi moja ingetosha: tulieni, hii ni sehemu ya kwanza. Niliona haya, nikanyamaza, na aibu hiyo inanila mpaka sasa.

Hospitali ilimkuta na mbavu saba zilizovunjika na damu inavuja kichwani. Jumanne alipata nguvu kidogo, nikamweleza nilivyomkana. Akasema: "Basi siku ya kunizika usome wewe. Useme kwanza upande wao. Usiwatukane. Halafu ndio ujibu." Shemeji yangu, mkewe, akaruka: "Upande gani? Hao nao wana upande?" Kaka akasema, "Wanao." Alifariki Alhamisi tarehe 8 Mei, saa nne asubuhi.

Upande wao ni huu. Waliogopa. Yupo hapa mama aliyezika watoto wawili, na kinachomwinua kitandani kila asubuhi ni kwamba atawaona tena. Akaja msomi akamnyang'anya watoto hao mara ya pili kwa dakika arobaini, kwa hoja asizoweza kuzijibu, ndani ya jengo ambalo matofali yake aliyabeba mwenyewe kichwani. Mtu akiingia kwako kukuchukulia mwanao, hungoji Jumapili ijayo. Walidhani wanamtetea Mungu. Kaka naye aliwahi kudhani hivyo, akiwa kijana. Sijui kuusema vizuri zaidi ya hapo, na shemeji yangu anisamehe kwa kuusema.

Jibu langu ni hili. Jana saa tano asubuhi nilikwenda kituo cha polisi nikaandikisha maelezo. Nimetaja majina tisa ya waliopiga. Watano mmeketi hapa, na wawili kati yenu mlilibeba jeneza mlipoingia. Jina la kumi ni langu, la aliyejua akanyamaza. Askari wako pale getini. Wamekubali kutusubiri tumalize kufukia.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, shemeji yake, na mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, ambaye ni mimi. Kaka apumzike kwa amani. Sisi tushike majembe, halafu twende getini.