Fomu ya Zuwena

Niinue kidogo, Levina, weka mto mwingine mgongoni halafu ukae, na wewe Emilian toka hapo mlangoni uje mahali ninapouona uso wako, kwa sababu haya ninayoyasema leo sitayarudia, daktari ameshaniambia moyo umechoka na maji yamejaa kwenye mapafu. Consolatha, mjukuu wangu, weka simu chini. Siyo mapajani, chini. Nimefundisha walimu miaka thelathini na moja, na mwanafunzi anayesoma ujumbe kwa kujificha namjua hata nikiwa nimefumba macho.

Nianze na mali, ili mjue kwamba ninalotaka kusema siyo la mali. Nyumba hii ya Kanyenye na vile vyumba vya mbele anavyopanga fundi cherehani ni vya Emilian, kama marehemu baba yenu Wenceslaus alivyotaka. Shamba la Kigwa ni la Levina, na mtu yeyote wa ukoo akija kusema mwanamke hapewi shamba mpelekeni kwa katekista, karatasi iko kwake, ina sahihi yangu na ya mashahidi wawili. Vitabu vyangu vyote ni vya Consolatha. Nimemaliza. Hakuna anayenyang'anywa kitu hapa, wala anayehongwa.

Sasa, Emilian, nina hasira na wewe, na siyo hasira ya mgonjwa. Mtoto huyu Jumatatu anaanza chuo cha ualimu na hajui mjomba wake alifanya nini, kwa hiyo nitalisimulia lote mbele yake na wewe utakaa kimya usikie.

Consolatha, mjomba wako ni mshauri wa masomo pale chuoni. Kazi hiyo niliifanya mimi kabla yake, na nilipostaafu nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wa chuo nikamwombea apewe, kosa hilo ni langu na nitalijibu huko niendako. Mshauri wa masomo anakaa na mwanafunzi mgeni aliyeshuka kwenye basi jana na sanduku lake, anakiangalia cheti chake cha kidato cha sita, anamwambia: somo hili umefaulu, unaweza kusomea kulifundisha, hili hukufaulu, usiliguse. Basi. Haihitaji akili nyingi. Inahitaji mtu wa kusoma karatasi moja mpaka mwisho. Babu wa baba yangu aliongoza wapagazi kwenye misafara iliyotoka hapa kwenda pwani, na tulilosimuliwa juu yake ni hilo moja tu, kwamba hakuwahi kumwambia mtu mwenye mzigo kichwani kuwa mbele kuna maji wakati hajui kama yapo.

Miaka miwili iliyopita akaja binti kutoka Ipole, anaitwa Zuwena, baba yake Mzee Yahaya anafuga nyuki. Kiswahili na Jiografia alifaulu vizuri, Historia alianguka. Akajaza fomu kwa mkono wake mwenyewe, Kiswahili na Jiografia. Darasa la Kiswahili lilikuwa limejaa, la Historia lina nafasi, na mjomba wako alitaka kufunga orodha siku hiyohiyo awahi semina Dodoma. Akakikata Kiswahili, akaandika Historia, akatia sahihi. Binti akamwambia, "Mwalimu, Historia mimi sikufaulu." Akajibiwa, "Nenda tu darasani, tutarekebisha muhula ujao." Muhula ulipokuja akaenda ofisini, mlango umefungwa. Akarudi tena na tena, mpaka siku moja akamkuta, akafokewa kwamba anasumbua.

Mtoto wa watu akasoma Historia miaka miwili, akaifaulu pale chuoni, akaenda mazoezi ya kufundisha, akasimama mbele ya darasa na chaki mkononi, na wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho vyeti vikahakikiwa, akapewa barua kwamba hakuwa na sifa za kusoma somo hilo, afunge virago.

Mwezi wa tatu Mzee Yahaya alikuja hapa nyumbani. Emilian, ulikuwa umekaa kwenye kiti hichohicho. Akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nikaitikia, akapewa chai, kisha akakugeukia wewe, mtu unayeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, akasema, "Mwalimu, sikuja kugombana. Nataka kujua tu mwanangu alikosea wapi, ili na wadogo zake wasikosee." Na wewe ukamwambia nini? Ukamwambia, "Mzee, binti yako hakusoma fomu. Vijana wa siku hizi hawasomi." Yule mzee akakuomba radhi. Akakuomba radhi, Emilian, kwa kosa lako mwenyewe, akainuka akaondoka, chai yake imebaki inafuka moshi.

Mimi siku ile sikujua. Nilijua wiki iliyofuata, Zuwena mwenyewe alipokuja na kivuli cha fomu yake, nakala aliyoitoa kabla hajakupelekea, kimeandikwa Kiswahili na Jiografia. Nikachukua fimbo yangu, nikapanda bajaji mpaka chuoni, nikaomba jalada. Nikaona palipokatwa, nikaona palipoandikwa Historia. Mwandiko wako nilikufundisha mimi, kwenye meza ile pale, ukiwa huna hata meno ya mbele. Jioni nilipokuuliza hukukataa. Ulisema, "Mama, nikiandika barua ya kukiri, cheo cha mkuu wa taaluma nimekikosa." Na wewe Levina usiangalie pembeni, wewe ndiye uliyeniambia tuliache lipite, tutalinda jina la familia. Jina gani? Mimi silitaki jina linalolindwa kwa mgongo wa binti wa Ipole.

Leo ni Jumatano. Kamati inayosikiliza rufaa ya Zuwena inakaa keshokutwa. Wamesema wazi kwamba kivuli peke yake hakitoshi, mtu yeyote anaweza kukitengeneza. Wanataka maandishi ya mshauri wake. Ukiandika, atahamishiwa Kiswahili, atarudia mwaka mmoja, atakuwa mwalimu. Usipoandika, miaka yake miwili imetupwa.

Kwa hiyo, kalamu hiyo hapo, karatasi hizo hapo. Nyumba nimeshakupa, siichukui. Lakini kama nitakufa hujaandika, siku ya mazishi ukae mbali na kaburi langu. Usinitupie hata chembe moja ya udongo. Levina, umesikia? Akisogea, mzuie mbele ya padri na mbele ya watu.

Niletee maji.

Anaandika? Mwache aandike. Consolatha, sogea wewe, sina muda wa maneno matamu. Uliniambia umechagua masomo kwa sababu rafiki zako wawili wamechagua hayo. Huo ni upumbavu. Rafiki zako hawatasimama darasani badala yako miaka thelathini. Fungua kitabu cha mwongozo wa chuo usiku wako wa kwanza pale, sijali umechoka kiasi gani, usome masharti ya kila somo unalotaka kufundisha, uyalinganishe na cheti chako. Nenda kwa mshauri wako wiki ya kwanza, kabla foleni haijawa ndefu, na usiende mikono mitupu, nenda na maswali umeyaandika. Akikwambia "tutarekebisha baadaye," mwambie, "Shikamoo Mwalimu, naomba uniandikie hapa." Akikasirika, akasirike. Kila fomu toa kivuli kabla hujaitoa mkononi, na ukikuta imebadilishwa siku hiyohiyo nenda ofisi ya taaluma, usingoje muhula. Tarehe ya mwisho ya kubadili somo iandike ukutani juu ya kitanda. Na somo likikushinda useme mapema, kuna wengi niliowaona wanakaa kimya kwa aibu mpaka matokeo yanabandikwa. Halafu kama kufundisha hukupendi, kama unakwenda kwa sababu bibi yako alikuwa mwalimu, rudi nyumbani mwaka huohuo wa kwanza, usinifanyie mimi heshima hiyo. Watoto utakaowachukia hawajanikosea kitu.

Umemaliza, Emilian? Soma. Kwa sauti.

... Acha. Acha hapo. "Makosa yalifanyika katika ujazaji wa fomu." Yalifanywa na nani? Na upepo? Mwanafunzi wangu akiniletea sentensi hiyo nilikuwa namrudishia daftari. Andika "mimi." Andika, "Mimi, Emilian, nilikata somo alilochagua mwanafunzi na kuandika jingine, naye aliniambia hakulifaulu, sikumsikiliza." Na uandike kwamba ulimdanganya baba yake. Najua kamati haikuuliza. Mimi nimeuliza.

Andika upya.

Levina, shika mkono wangu, umekuwa wa baridi huu. Barua akiimaliza ichukue wewe. Usimwachie. Kesho asubuhi uifikishe ofisi ya taaluma, wakupigie muhuri wa kupokelewa, kivuli kibaki kwako. Kivuli kingine ni cha Mzee Yahaya, na Emilian akipeleke kwa miguu yake mwenyewe, aingie nyumbani mwa yule mzee, akae anapoambiwa akae. Akipewa asali asiipokee. Mimi mnizike Kigwa, kando ya baba yenu, msiniweke sana kwenye gari kuzungukazunguka mjini. Hotuba moja. Mkianza kusema nilikuwa mpole watu watacheka.

Soma tena, Emilian. Polepole, masikio yanaziba.

... Ndiyo.

... Ndiyo. Jina umeweka? Na tarehe?

Basi. Levina, Mungu akutunze, na shamba lako likupe chakula, na ulimi wako uache kuogopa. Consolatha, Mungu akupe sauti ya kufika dawati la nyuma. Zuwena naye, popote alipo leo, namwombea, mwambieni nilimtaja... mwambieni.

Emilian. Hasira yangu haijaisha. Muda wa kuimaliza ndio sina. Usilie, sogea. Sogea hivyohivyo, mwanangu... inamisha kichwa, mkono haufiki.