Lambo Lililotoka Mdomoni Mwangu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi; Mheshimiwa Diwani; Ndugu Mtendaji wa Kijiji, uliyeniomba nisizidishe dakika tano nami nikakubali upesi kwa sababu sina saa; Baba Mchungaji; Bwana Liaqat mkandarasi, mwenye ile mashine ya kuchimbia inayoitwa kijiko, ingawa bado sijamwona mtoto wa kulishwa kwa kijiko cha namna ile; ndugu wageni waalikwa mlioketi chini ya turubai; na ninyi wenzangu wa Mwambuli mlioketi juani kama tulivyozoea: nawasalimuni nyote. Vijana, shikamoo zenu nimezisikia, marahaba. Wale ambao hamkuniamkia, nimewaona pia.

Kwenye ratiba nimeandikiwa "neno la shukrani na kuaga". Shukrani ni kwa ajili ya lambo hili, bwawa letu la kunyweshea ng'ombe, ambalo Mheshimiwa atalifungua leo. Kuaga ni kwa sababu mimi Mayala, mkalimani wenu wa mikutano ya kampeni kwa chaguzi tano, leo nafunga mdomo. Nikimaliza hapa nitatafsiri hotuba ya mgeni rasmi kwa Kisukuma, kisha nakwenda zangu nyumbani. Lakini kuna neno la tatu ambalo Mtendaji hakuliandika, maana sikumwambia. Ni kosa langu, nimekaa nalo miaka minne. Wiki iliyopita Mayu Mhoja, yule mama wa kitenge cha kijani mstari wa mbele, aliniambia, "Mayala, ama ulitoe wewe, ama nilitoe mimi." Mimi namjua Mhoja. Nikaona afadhali nilitoe mwenyewe, angalau nichague pa kuanzia. Jina langu mmelichonga kwenye kile kibao, mstari wa tatu, kama mmoja wa watu waliolileta lambo. Mkishanisikia, mtaamua wenyewe kama libaki au lipigwe rangi.

Ndugu zangu, mnanijua. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililisoma mara mbili kwa kulipenda. Kiswahili nilijifunzia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kwa kutukanwa na wasimamizi. Ndiyo maana kimenikaa vizuri. Siku wagombea walipoanza kuhitaji mtu wa kuwafasiria kwa wazee wetu, nikaitwa mimi. Nimesimama na vyama vyote. Nimevaa kofia za rangi zote, na nyumbani kuku wangu wanatagia ndani yake mpaka leo.

Je, mmewahi kusimama pale mbele, karibu na mgombea wa urais, mkautazama umati kama anavyoutazama yeye? Mimi nimesimama, na nawaambieni kitu kile kinatisha. Watu elfu tatu wamenyamaza. Mtu anasema neno moja, na neno linakwenda, unaliona kabisa likipita vichwani kama upepo kwenye mpunga, na likifika nyuma kule kwa wenye baiskeli, wote wanatikisika kwa pamoja. Na kwa wazee wetu neno hilo haliendi mpaka lipite kwangu. Mtu anayetaka kuongoza nchi nzima ananitazama mdomoni kama ndama anavyotazama kiwele. Sasa mniambie, mzee wa darasa la nne afanye nini na kitu kikubwa namna hiyo? Atakichezea. Nami nilikichezea. Mgombea akisema dakika kumi, mimi nilisema tatu. Akisahau kutusifia, nilimsifia kwa niaba yake. Mkacheka, mkapiga makofi, yeye akafurahi, nikalishwa wali.

Basi ikafika ile siku ya helikopta. Mnaikumbuka, ilitua uwanja wa shule ikaondoka na kofia ya mwalimu mkuu. Akashuka mgombea wa urais, sitamtaja yeye wala chama chake, mtu mrefu, mpole, mwenye maneno ya semina. Akashika kipaza sauti akasema: "Serikali yangu itawaingiza wafugaji katika mnyororo wa thamani."

Mimi neno hilo sikuwahi kulisikia. Mnyororo naujua. Thamani naijua. Nikaviunganisha kama fundi asiye na kipimo, nikawaambieni kwa Kisukuma kwamba akishinda, ng'ombe wenu wote watafungwa mnyororo wa bei kubwa.

Mkanyamaza. Ule haukuwa ukimya wa kusikiliza, ulikuwa ukimya wa watu wanaohesabu njia za kutorosha mifugo. Mzee Shigela, upo hapo, ulisimama ukakung'uta kanzu yako ukasema kwa sauti, "Wa kwangu hafungwi na mtu," ukageuka kuondoka, na mstari mzima ukageuka nyuma yako. Mgombea akanitazama. Nikaona mkutano wa watu elfu tatu unanifia mkononi. Ndipo nikafungua mdomo nikasema jambo ambalo yule bwana hakulisema, hakulifikiria, wala hakulijua: "Na tena anasema atawachimbieni lambo, hapa hapa, chini ya mlima wa shule."

Vigelegele vile hamjapiga tena mpaka leo asubuhi. Kwani sisi ni watu wa namna gani? Ziwa lipo, ukipanda juu ya mlima unaliona linang'aa kule chini, lakini ng'ombe hanywi kwa macho, na kiangazi tunawaswaga siku nzima kwenda na kurudi. Shigela alirudi mbio akakaa mbele kuliko mwanzo. Yule mgombea akaniinamia, akaninong'oneza, "Mzee, wamefurahia nini?"

Nikamwambia, "Mnyororo wa thamani, Mheshimiwa."

Akaamini. Maskini, akaenda nao kila mahali. Nimesikia kwamba kila mkutano baada ya hapa aliutaja mara tatu, akisema, "Wasukuma wameuelewa vizuri sana."

Hilo ndilo kosa langu. Lambo hili halikuahidiwa na mtu. Nililiahidi mimi, kwa hofu, kwa mdomo wa mtu mwingine.

Naona Mtendaji anafuta jasho. Vumilia, bwana, bado kidogo.

Nilidhani litasahaulika, maana ahadi ngapi zimesahaulika hapa? Halikusahaulika. Baada ya wiki mbili ukafanyika mdahalo kule Nyegezi, kwenye ukumbi, redio inarusha moja kwa moja. Kwa wenzangu tusiosoma sana: kwenye mkutano wa kampeni mgombea anasema, sisi tunapiga makofi. Kwenye mdahalo anasema huku mpinzani wake yupo hapo hapo, na yupo mtu wa kumwambia muda wako umekwisha. Katika umri wangu wote sikuwahi kusikia mtu mkubwa akikatwa kauli na asiwepo wa kukamatwa. Siku hiyo binti mmoja mtangazaji, Odeta, aliwakata wakubwa kauli kama anakata mchicha. Yule bwana wa mnyororo alifika mwenyewe. Upande wa pili alifika msemaji wa kampeni yao.

Mimi nilikuwa nyumbani na redio, na ghafla Odeta akasema, "Tumsikilize mama kutoka Mwambuli." Nikajua nimekwisha. Nikasubiri nisikie nani ataitwa kumfasiria. Kisha nikasikia sauti ya Mhoja, na Mhoja anazungumza Kiswahili. Kiswahili kilichonyooka, kisicho na kikwazo, kama cha mwalimu. Mama huyu miaka yote ameketi mbele yangu kwenye mikutano, kidevu kifuani, namfasiria taratibu nikimhurumia. Kumbe kabla hajaolewa huku alifanya kazi kiwandani Nyakato miaka kumi na miwili. Kila nilichosema, na kila nilichopaswa kusema, alivisikia vyote viwili.

Akasema: "Mheshimiwa, ulipofika kwetu, watu elfu tatu walisikia ukiahidi lambo chini ya mlima wa shule. Nimekuja kuuliza litaanza kuchimbwa lini."

Redio ikanyamaza mpaka nikaipiga kofi, nikidhani betri zimekwisha. Mngekuwa ninyi mngejibu nini? Akisema hakuahidi, amewaita watu elfu tatu waongo, na nchi nzima inasikia. Nikamsikia akikohoa. Akasema, "Ndiyo, mama. Niliahidi, na leo narudia."

Kabla hajameza mate, yule msemaji wa upande wa pili akadakia: "Chama chetu kitachimba mawili."

Odeta akauliza, "Mawili wapi?"

"Hapo hapo Mwambuli."

Na Mhoja, kabla hawajamnyang'anya kipaza sauti: "Yaandikwe."

Ndugu wageni waalikwa, mimi si mtu wa kustaajabu ovyo, lakini siku ile nilivua kofia mbele ya redio. Neno langu la uongo lilikuwa limetoka hapa, limepanda basi hadi Nyegezi, limeketi kati ya watu wa suti, na limewabana wote. Na likarudi likawageuza ninyi. Mwambuli iliyokuwa ikipiga kura kwa kofia na fulana ilianza kubishana. Shigela akawa upande wa lambo moja: "Anayeahidi moja, huenda anamaanisha." Mkewe Wilhelmina akawa wa mawili: "Wewe una ng'ombe sita, moja linakutosha. Mimi natazamia mahari ya mabinti wanne." Wakaenda kituo cha kura kila mmoja kwa njia yake, wakarudi pamoja. Mabishano yale mliyafanya ninyi wenyewe, bila mkalimani.

Waliosema mawili wakashinda. Tumepata moja. Na hili moja halikuja lenyewe: Mhoja alichukua sauti ya ule mdahalo kwenye simu ya mwanawe, akaingia nayo ofisi baada ya ofisi, akaiweka mezani, akabonyeza.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake. Nikamwuliza, "Mayu, ulijua tangu lini kwamba naongeza maneno yangu?"

"Tangu uchaguzi wako wa kwanza."

"Na hukunisema?"

Akaendelea kupepeta mchele wake. "Nyongeza zako zote zilikuwa za kuwapamba wao. Ile moja ilikuwa na shida yetu ndani yake. Nikasema hii nitaifuata nione inafika wapi. Lakini usijisifu, Mayala. Wewe ulisema ukaenda kula wali. Ni mimi niliyepanda basi."

Leo alfajiri nilisimama peke yangu pale ukingoni. Maji yametulia, mlima wa shule umelala ndani yake kichwa chini, na ndama mmoja wa Shigela, ambaye hakuwa na ratiba wala mgeni rasmi, alikuwa tayari anakunywa. Nikaogopa, wazee wenzangu. Niliogopa kama mtu aliyetupa kijiti kikavu akakuta kimeota. Kwa hiyo pale kwenye kibao, mstari wa tatu, naomba mlifute jina langu mliandike la Mhoja. Na mstari wenyewe upande uwe wa kwanza. Mheshimiwa, utaniwia radhi kwa kukushusha mstari.

Nimefika mwisho. Nakushukuru Bwana Liaqat kwa kijiko chako, nawashukuru ninyi nyote kwa kunipa masikio yenu chaguzi tano bila kuyadai, na kwa Kisukuma chetu, wabeja sana, Mayu Mhoja.

Sasa, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, karibu. Hii ni tafsiri yangu ya mwisho, na leo nitatafsiri neno kwa neno, sitapunguza wala sitaongeza. Nakuomba tu, utakapofika kwenye lile lambo la pili, sema polepole na uchague maneno. Si kwa ajili yangu. Mama wa kitenge cha kijani anasikia Kiswahili, na simu ya mwanawe, naiona kutoka hapa, imeshawashwa.

Asanteni kwa kunivumilia.